Mama Mkwe Ndani ya Simu

Mjomba wangu Mwaringa ndiye mtu wa kwanza hapa Matsangoni kutozwa mbuzi kwa kosa la kumuona mama mkwe wake ndani ya simu. Labda wako wengine waliowahi kuona wakanyamaza. Yeye hakuwa na nafasi ya kunyamaza, maana simu yake ilipiga picha kwa mlio.

Wacha nianzie nyuma kidogo, usije ukadhani ni mtu mbaya.

Mjomba ni fundi simu. Kibanda chake kiko kando ya lami, katikati ya mama anayeuza viazi karai na Odera, yule Mjaluo anayechomelea mageti. Ndani kuna meza, taa ya kupinda shingo, bisibisi kumi na mbili zilizopangwa kama meno, na sanduku la simu maiti. Hizo maiti ndizo anazozipenda. Simu nzima humchosha. Mtu mwenye haraka humchosha zaidi, kwa sababu mwenye haraka hakai kusikiliza, na Mjomba hajui kutengeneza simu mdomo ukiwa umefungwa.

Anachoongea ni kimoja tu: dunia ya pili. Kwa maelezo yake, hii intaneti yetu ni ajali. Siku moja, mahali fulani, mzungu mmoja alishika waya wa kushoto badala ya wa kulia, na sisi wote tukafuata. Lakini ule waya wa kulia bado uko, na huko uendako kuna dunia nyingine, na Matsangoni nyingine, na Mwaringa mwingine mwenye kibanda cha matofali. Huko intaneti haikuanzia Amerika. Ilianzia hapa kwetu, na ndiyo maana ina adabu. Ujumbe haukurupuki tu mfukoni ukakutetemesha paja mbele ya padri. Unabisha hodi. Usiposema karibu, utakaa nje mpaka kesho. Ukishakaribishwa unakuamkia, unakuuliza hali za nyumbani, watoto, kuku, mvua, na hapo ndipo unasema kilichouleta. Tangazo la biashara likija wakati wa chakula linangoja watu wanawe mikono. Na mtu akitaka kutoka kwenye kundi la familia, hatoki kimyakimya kama mwizi wa mihogo. Anaitwa, anaketishwa, anaulizwa ni nani aliyemkera.

Minara ya chuma huko hakuna. Mtandao unapita juu ya minazi, na fundi wa mitambo ni mgema. Anapanda asubuhi, anapanda jioni, anagema, anakaza waya, anashuka. Siku moja Odera aliuliza, je, mgema akilewa? Mjomba akaweka chini bisibisi, akafikiri sana, kisha akakubali kwamba huko mtandao huwa safi asubuhi, lakini ikifika saa kumi jioni unaanza kupigia watu usiowajua na kuwatukana.

Hakuficha kasoro za dunia yake, hilo nampa. Neno la siri huko, alisema, ni jina la babu. Na kwa vile kwetu mtoto huitwa kwa babu yake, na babu naye aliitwa kwa babu yake, ukoo mzima umejaa akina Ngumbao na akina Mwaringa. Kwa hiyo kila mtu anafungua simu ya kila mtu, na ndoa zinavunjika kila wiki.

Watu walicheka. Mkewe Charity naye alicheka, mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu wakapata mtoto, wakampa jina la bibi yake, Kadii, na Charity akapunguza kucheka kwa sababu kazi zilizidi.

Charity ni msusi. Hukaa nyuma ya kibanda na wateja wake, na simu yake ilikuwa ndiyo ofisi: mitindo yote ya nywele iko humo, na katikati ya mitindo ni Kadii. Kadii wa siku moja, Kadii ana upele, Kadii amekalia beseni, Kadii anatabasamu kwa sababu ya tumbo. Hata wateja walizoea. Ukitaka kuonyeshwa nywele za kusuka kwenda mbele, lazima kwanza upite kwenye upele.

Basi simu ikaanza kukataa chaji. Charity akamletea mumewe, akamwambia, mbele yangu na mbele ya Odera, asafishe tundu la chaji, basi. Hilo neno basi alilisema mara mbili.

Mjomba akaifungua yote. Alikuwa na wazo. Ndani ya sanduku la maiti alikuwa ameona kipande fulani ambacho, akikiunganisha vizuri, kingeifanya simu ya mkewe ibishe hodi kabla ya kuita. Ilikuwa iwe zawadi. Akaichukua ile mashine ya hewa ya moto, akailenga, akaanza kutusimulia habari za yule Mwaringa wa matofali, na alipokuwa anafika mahali patamu tukasikia harufu. Odera ndiye aliyesema kwanza kwamba pale kwake leo hajachomelea kitu.

Charity aliporudi alikuta simu imelala vipande vipande juu ya gazeti kama samaki. Akauliza kuhusu picha. Mjomba akamweleza habari za joto na vyuma vidogo. Akauliza tena kuhusu picha. Mjomba akamwambia hazipo, hata moja. Charity hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja, machozi yakaanza kumtoka taratibu, na nadhani hapo Mjomba angekaa kimya wangekuwa wamelala nyumba moja siku hiyo. Lakini akainama, akamshika bega.

"Mama Kadii, usilie. Kwenye dunia ya pili zile picha ziko. Huko hazipotei."

Nilikuwa namtazama Charity usoni. Machozi yalikauka papo hapo, kama mtu amefunga mfereji.

"Basi nenda ukakae huko," akasema.

Akamfunga Kadii mgongoni, akaenda kwao Jilore.

Wiki ya kwanza Mjomba alisema atarudi Jumamosi. Wiki ya pili hakusema Jumamosi ipi. Wiki ya tatu akaacha kuongea dunia ya pili, na hapo tukajua ni mgonjwa. Simu za watu alizitengeneza kwa nusu saa, kimya, na wateja wakaanza kulalamika.

Ilikuwa adhuhuri, jua la kuchoma lami, alipoamua kupiga simu ya picha. Charity hakuwa na simu tena, kwa hiyo alipigia simu ya Nicholas, shemeji yake. Alitaka amuone mtoto, basi. Nicholas alikuwa ameiacha simu uani, inachaji kwa sola, imeegemezwa kwenye kinu. Aliyeipokea ni Kadii. Aliona kitu cha kijani kinarukaruka, akakipiga kofi.

Uso wake ukajaa kwenye kioo. Aliondoka na meno mawili, sasa ana manne. Mjomba hakusema hata jina lake. Alibonyeza tu vile vitufe viwili vya kukamata picha, haraka, kama mtu anayeshika kuku. Simu ikalia kwacha.

Nyuma ya Kadii, juu ya kigoda, alikuwa amekaa mama mkwe.

Sasa nieleze. Huyo ni mama wa zamani. Kukiwa na joto hukaa uani kwake na leso kiunoni, juu hana kitu, anajipepea kwa kipepeo cha ukindu, na hakuna jirani anayegeuza shingo. Lakini mkwe ni mkwe. Kwetu Wagiriama mtu hampi mama mkwe wake mkono, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani mmoja wao ana shughuli ya ghafla vichakani. Kwa miaka yote mitatu Mjomba alimjua mama mkwe wake kwa kisogo na ndara. Sasa mama alisikia kwacha, akainua macho, wakatazamana.

Mjomba aliirusha simu kwenye ndoo ya mchanga ya Odera.

Siku ya pili yake Nicholas alikuja na pikipiki kutoka Jilore. Hata maji hakunywa. Wazee wamekaa, alisema. Wanataka mbuzi mmoja, na kadzama ya mnazi, yaani kile kibuyu cha pombe cha wazee, kijae. Na ile picha ifutwe mbele yao wakiona. Bila hivyo habari ya Charity kurudi haitajwi, na Kadii atakuwa mtoto wa Jilore.

Mbuzi alipatikana. Mnazi haujawahi kukosekana. Shida ilikuwa picha. Dunia nzima, hii ya kwetu, haikuwa na picha nyingine ya Kadii ila hiyo, na Mjomba alikuwa hajaiona. Aliitoa simu mchangani, akaizima, akaifunga kwa kitambaa, akaitia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Akawa anaazima simu yangu. Nilimuuliza mbona haifungui walau amuone mtoto.

"Nikiifungua nitamuona tena mama," akasema. "Hiyo ni mbuzi wa pili."

Odera alijitolea aiangalie yeye kisha amsimulie. Mjomba akamwambia ashike adabu, huyo ni mama wa watu. Hawakusalimiana mpaka kesho yake.

Wakati tunangoja siku ya kwenda, Mjomba akajifungia na kabambe moja, zile simu ndogo za vitufe. Akakitoa kile kijicho cha kamera, akakiponda kwa nyundo. Halafu akairekodi sauti yake mwenyewe, akaiweka iwe ndiyo mlio, kwamba akipiga yeye, badala ya muziki isikike ikisema hodi. Hiyo ilimchukua siku nne. Baadaye Nicholas alisema yeye angeifanya kwa dakika mbili, lakini tulikuwa tumeshampa mguu wa mbuzi akanyamaza.

Tulienda watatu na mbuzi. Msemaji wetu alikuwa Mzee Ngumbao, ndugu mdogo wa marehemu babu, ambaye sikio moja halisikii na la pili linachagua. Tulikaribishwa bandani kwa Mzee Tsuma, baba yake Charity. Mama mkwe alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka tulipo, nyuma ya ukuta wa udongo. Charity hakuonekana. Kadii tulimsikia tu, anagonga sufuria, na kila akigonga Mjomba alikuwa anafumba macho.

Mzee Ngumbao alianza vizuri. Akataja koo zote mbili, nani alimuoa nani, nani alikataliwa. Akapewa mnazi. Akataja koo tena. Akapewa mnazi. Mara ya tatu akasahau tulichofuata, akamuuliza Mzee Tsuma huyu mbuzi anauzwa au vipi. Mjomba akaona mambo yanaharibika, akanyanyuka, akampa Nicholas ile kabambe aipeleke jikoni, akasema ni zawadi ya mama. Haina jicho, akasema. Haiwezi kuona mtu.

Ikapelekwa. Mjomba akaazima simu yangu, akatia humo laini yake mwenyewe ili ile hodi ilie, akapiga.

Jikoni sauti yake ikasema: "Hodi. Hodi huko. Ni mkwe."

Hakuna aliyejibu. Ikasema tena. Mbuzi ndiye aliyejibu. Ikasema mara ya tatu, na nikaona shingo ya Mjomba inatoka jasho, maana mlio huo hauna mara ya nne, simu ingekatika.

"Karibu," akasema mama.

Akabonyeza. Alikuwa karibu kiasi kwamba sauti yake tuliisikia mara mbili, kwanza kupitia ukuta, kisha kupitia simu, kama mama mkwe wawili wanaofuatana.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Nasikia una dunia nyingine."

Mjomba alitazama chini. Akasema ni maneno tu ya kibandani.

"Huko," mama akauliza, "binti yangu anakaa wapi?"

Hata Mzee Ngumbao alisikia hiyo. Mimi nilidhani Mjomba sasa atatuletea minazi na mgema na Mwaringa wa matofali, maana ndiyo kawaida yake, ukimgusa hapo anafunguka. Akalamba midomo.

"Huko anakaa kwangu, mama. Huko aliniambia nisafishe tundu la chaji, nikasafisha tundu la chaji."

"Na huku?"

"Huku nilimfungulia simu yake bila hodi. Nikaziunguza picha za mtoto. Halafu nikamwambia maneno ya kipumbavu."

Kadii alikuwa ameacha sufuria.

"Hayo mwambie mwenyewe," mama akasema. "Mimi si mnara."

Akakata. Yaani alijua hata pa kukatia.

Charity akatoka jikoni na Kadii kiunoni. Mjomba akayarudia maneno yale yale, neno kwa neno, amesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Charity akamhamishia Kadii kiuno cha pili. Mzee Tsuma akakohoa, akasema hayo ya mke na mume wataongea, lakini kuna jambo la picha, na mama wa watu hawezi kukaa kwenye mkebe.

Mjomba akautoa mkebe, akafungua kitambaa, simu akaishika kioo kikitazama chini. Akaomba jambo moja. Alisema hii ndiyo picha pekee ya Kadii iliyoko, na kama ni lazima ifutwe, basi ifutwe na mtu mwingine, na yeye aruhusiwe kugeuka nyuma. Akageuka kweli, akawa anatazama banda la kuku.

Charity akaichukua simu, akaiwasha. Ikachukua muda wake. Akafungua picha, akaitazama sana, nikaona kidole kinapita juu ya kioo polepole, mahali palipokuwa na meno manne.

"Wewe hujaiona hii?" akauliza.

"Sijaiona," Mjomba akawajibu kuku.

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Mbona hukuikata?"

"Kuikata vipi?"

"Kuikata pembeni, baba Kadii. Unamtoa mama, unamwacha mtoto. Kila mtoto wa shule anajua."

Mjomba alifikiri huku anatazama kuku.

"Ili niikate lazima niione," akasema.

Charity alikunja midomo. Nilimuona anapigana na kicheko, anakibana na taya, kinamponyoka puani. Mzee Tsuma naye alikuwa anatikisa kichwa kidogokidogo. Akamnong'oneza Mzee Ngumbao, kwenye lile sikio lisilosikia, kwamba kijana amekaa wiki nzima na zaidi na uso wa mwanawe ndani ya mkebe, na hakuufungua kwa heshima ya mama. Siku hizi wakwe wa namna hiyo wako wapi. Mzee Ngumbao akajibu kwamba mbuzi ni wa bure kabisa.

Charity akaikata kwa vidole viwili. Ilimchukua muda wa kupiga chafya. Akaionyesha kwa wazee: Kadii, meno manne, mate mpaka kidevuni. Pembeni kulikuwa kumebaki kijipande cha kipepeo. Hapo ukazuka mjadala, je, kipepeo cha mama mkwe ni mama mkwe? Mzee Tsuma alisema kinashikwa na mkono wake, kwa hiyo kina yeye. Mzee Ngumbao, ambaye kwa hili alisikia vizuri, alisema kwa hesabu hiyo hata huyu Charity asiangaliwe, maana naye ametoka kwake. Kibuyu kilishuka mpaka nusu. Mwisho wakaamua kipepeo ni kipepeo, picha ibaki.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, ya ukuta tu, bila simu.

"Kabla hamjanikata, nilitokea vizuri?"

Wanaume wote tukageukia banda la kuku. Charity alikaa chini akacheka mpaka Kadii akaanza kulia.

Alirudi nasi Matsangoni siku hiyo hiyo, kwa sharti moja, na sharti lenyewe liko kiunoni mwake. Bisibisi zote kumi na mbili hulala kwenye pindo la leso ya Charity. Asubuhi Mjomba akitaka kazi anaeleza simu ni ya nani na mwenyewe ameomba nini hasa, na Charity anafungua fundo, anampa bisibisi inayotosha kwa hicho alichoombwa. Akiombwa tundu la chaji hapewi hata moja. Anapewa mswaki.

Dunia ya pili bado iko, wateja walirudi kwa ajili yake. Ila siku hizi Mwaringa wa huko ana mikosi: matofali yanavuja, mgema wake amehamia Ngomeni na waya zote, na mkewe hamcheki hata kidogo.

Na kila Jumamosi adhuhuri mama mkwe hupiga kutoka Jilore. Mjomba huinuka, huiweka simu mezani kioo chini, huipa mgongo, ndipo huitika naam mama. Tumemwambia mara ngapi kwamba ile kabambe haioni. Yeye mwenyewe ndiye aliyeling'oa jicho. Hasikii.

"Leo umefungua nini?" mama huuliza.

Na kabla hajajibu, Charity hujibu kutoka nyuma ya kibanda, mikono imo ndani ya kichwa cha mtu.

"Hajafungua kitu, mama. Bisibisi ninazo."